Maneno 50 kwa dakika: kipimo cha kusoma kinamsaidia nani?

*Kwa zaidi ya miaka kumi watoto wa darasa la pili wamepimwa kusoma kwa saa, kwa kishikwambi na kwa karatasi. Takwimu zimejaa makabati ya wizara na wafadhili. Mwalimu wa darasa hajaletewa chochote.*

Mtoto anaitwa kwa jina, anaacha dawati lake na kutoka nje. Chini ya mti, au kwenye kona ya ofisi ya walimu iliyosheheni madaftari, kuna meza ndogo na viti viwili. Mgeni aliyeketi upande wa pili anamsalimia, anamwuliza anapenda mchezo gani, kisha anamwekea mbele karatasi yenye hadithi fupi. Asome kwa sauti. Akikwama, aruke, aendelee. Mgeni anabonyeza kishikwambi, dakika inaanza kuhesabika.

Kila neno analolikosea mtoto, mgeni anagusa kioo na neno hilo linabadilika rangi. Sekunde 60 zikiisha, anaweka alama pale mtoto alipofika. Yanafuata maswali matano kuhusu hadithi ileile: nani alikwenda shambani, alimkuta nani, kwa nini alikasirika. Mtoto anashukuriwa na kurudi darasani.

Mwalimu wake, ambaye muda wote alikuwa akifundisha huku jicho moja liko dirishani, hataambiwa mtoto huyo amepata ngapi. Matokeo yanakwenda Dodoma, Dar es Salaam, wakati mwingine Washington. Yakirudi yanakuwa asilimia za mkoa ndani ya kitabu chenye jalada zuri.

Huo ndio upimaji wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, kwa namna unavyofanywa kwa sampuli ya shule. Hoja ya makala hii iko hapo kwa mwalimu asiyeambiwa.

Aibu ya kidato cha kwanza

Tanzania haikuanza kupima usomaji wa watoto kwa kupenda takwimu. Ilisukumwa na aibu. Mwaka 2012 Serikali ilikiri kwamba wanafunzi zaidi ya 5,000 waliokuwa wamechaguliwa kuingia kidato cha kwanza walibainika hawajui kusoma na kuandika. Walikuwa wamefaulu mtihani wa darasa la saba.

Wazazi waliuliza swali ambalo lingeulizwa na mtu yeyote: mtu asiyejua kusoma anafaulu vipi mtihani? Wapo waliosema ni wizi wa mitihani, na bila shaka ulikuwapo. Lakini hata bila wizi, karatasi ya kuchagua herufi A hadi E inampa mbahatishaji swali moja katika kila matano, na mtihani wa aina hiyo hausikii sauti ya mtoto hata mara moja kwa miaka saba.

Waliokuwa wameisikia sauti hiyo ni watu wa Uwezo. Mpango huu, uliokuzwa na asasi ya Twaweza kwa kufuata mfano wa ASER ulioasisiwa na Pratham nchini India mwaka 2005, ulianza mwaka 2010 kutuma watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba. Zana yao ilikuwa karatasi tu: silabi, maneno, aya, hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Kila mtoto wa miaka 7 hadi 16 aliyekutwa nyumbani alisomeshwa, awe anakwenda shule au hachungulii kabisa.

Ripoti ya kwanza ilisema mtoto mmoja kati ya watano wanaomaliza darasa la saba hawezi kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili. Kwa Kiingereza, lugha watakayofundishiwa sekondari baada ya likizo moja tu, nusu yao hawakuweza.

> Karatasi ya kuchagua A hadi E haisikii sauti ya mtoto hata mara moja kwa miaka saba.

Mwaka 2013 ikaja Matokeo Makubwa Sasa, mpango wa Serikali ulioazimwa Malaysia, na elimu ikawa miongoni mwa sekta zake za mwanzo. Mwaka huohuo ulifanyika upimaji wa kitaifa wa KKK kwa mtindo unaojulikana duniani kwa kifupi cha EGRA, uliobuniwa na taasisi ya RTI ya Marekani mwaka 2006 kwa fedha za USAID. Kwa wastani mtoto wa darasa la pili alisoma maneno takribani 18 ya Kiswahili kwa dakika. Waliosoma kwa ufahamu wa kutosha walikuwa kama 8 katika kila 100.

Serikali ikaweka kigezo: maneno 50 kwa dakika, na majibu sahihi ya maswali manne kati ya matano. Mwaka 2015 ukaja mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili ulioyaweka masomo mengine kando na kuzipa K tatu sehemu kubwa ya ratiba. Walimu wakapelekwa mafunzoni, vitabu vikachapwa. Katika hili kipimo kilifanya kazi yake, na wanaokibeza wasisahau: bila zile namba 18 na 8, mtaala ule usingezaliwa.

Nchi moja, picha mbili

Tatizo la namba ni kwamba kila kipimo kina namba zake.

Miaka mitatu kabla ya Uwezo kuanza kubisha hodi, Tanzania ilikuwa inapongezwa. Mtihani wa SACMEQ wa mwaka 2007, unaowashirikisha wanafunzi wa darasa la sita wa nchi za kusini na mashariki mwa Afrika, uliwapa wanafunzi wa Tanzania Bara alama 578 katika kusoma. Kenya ilipata 543. Shelisheli na Morisi, visiwa vyenye fedha na madarasa ya watoto wachache, vilikuwa nyuma yetu kidogo. Wastani uliowekwa mwaka 2000 kuwa kipimo cha nchi zote ulikuwa 500.

Na hawa wa darasa la sita mwaka 2007 ni walewale walioandikishwa darasa la kwanza mwaka 2002, ada ilipokwisha kufutwa na madarasa kufurika. Wangekuwa wa kwanza kuporomoka. Badala yake wakaongoza.

Nani mwongo basi? Hakuna. Mmoja anapima mchele kwa kilo, mwingine kwa kibaba. SACMEQ iliwapima waliokuwa wamebaki shuleni hadi darasa la sita. Walioacha darasa la tatu kwenda kuchunga hawakuwapo kwenye chumba cha mtihani. Uwezo iliwafuata hadi zizini. SACMEQ iliwalinganisha watoto wa nchi kwa nchi, na watoto wa Tanzania Bara walifanya mtihani kwa Kiswahili huku wenzao wengi wakisoma kwa Kiingereza, lugha ambayo nyumbani hawaisikii. Uwezo haikumlinganisha mtoto na yeyote. Iliuliza swali moja: hadithi hii unaisoma au huisomi?

Kwa hiyo nchi inaweza kuongoza orodha ya kanda na papo hapo kuwa na mtoto mmoja kati ya watano asiyesoma. Kushika namba moja katika orodha hakumaanishi waliomo humo wote wanasoma vizuri. Nashangaa jinsi matokeo haya mawili yalivyotumiwa kila upande kuuzima mwingine, wakati yakiwekwa pamoja yanasema jambo la maana sana: lugha inayoeleweka inambeba mtoto mbali, ila kuna kundi kubwa ambalo halikuwahi kupanda hata hatua ya kwanza.

Vita ya nani mwenye haki ya kupima ilifika hadi kwenye sheria. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 ilifanyiwa marekebisho mwaka 2018 yaliyofanya kutangaza takwimu zinazopinga zile rasmi kuwa kosa la jinai. Kelele zikawa nyingi, na mwaka 2019 sheria ikalegezwa.

Mbio za dakika moja

Turudi kwenye yale maneno 50. Yametoka wapi?

Kenya, katika mpango wake wa Tusome ulioanza mwaka 2015, imeweka maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Mtoto wa Namanga upande wa Kenya anayesoma maneno 47 ya Kiswahili anahesabiwa amefaulu. Binamu yake, upande wa pili wa mpaka, hajafikia kigezo. Kiswahili ni kilekile.

Ile tofauti ya 45 na 65 ndani ya Kenya ina mantiki, na watu wengi hawaioni. Katika Kiswahili kitenzi kimoja hubeba mtenda, wakati, mtendwa na tendo lenyewe. *Walipomsindikiza* ni neno moja, na *na* ni neno moja. Hadithi mbili za maneno 50 zinaweza kupishana silabi kwa mbali, na aliyeandika yenye vitenzi virefu amewafelisha watoto bila kukusudia. Anayetaka kulinganisha matokeo ya mwaka huu na ya miaka minne iliyopita lazima ahakikishe hadithi zenyewe zina uzito uleule. Si kazi ndogo.

Wanaotetea saa wanasema hivi. Mtoto anayejikokota, herufi kwa herufi, akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo wake. Akili yote imekwisha kwenye kutamka. Kasi, kwao, ni dalili kwamba macho yamezoea silabi na akili imepata nafasi ya kufuata hadithi. Hoja hii ina ushahidi mwingi nyuma yake.

Wanaopinga nao wana lao. EGRA ilichukua mengi kutoka DIBELS, kipimo cha Chuo Kikuu cha Oregon, na huko Marekani kwenyewe msomi Kenneth Goodman alikishambulia vikali mwaka 2006 kwa kugeuza kusoma kuwa mbio za sekunde. Mtoto anafunzwa kukimbiza macho, maana anaiacha nyuma.

Kwa Kiswahili onyo hilo lina makali zaidi. Maandishi yetu ni wazi: herufi zinatamkwa zilivyo, irabu ni tano, hazibadiliki. Mtoto aliyeimba *ba be bi bo bu* hadi ikamkaa anaweza kutamka karibu kila neno lililoandikwa, ukiacha vikwazo vya *mbw*, *ng'* na *nyw*, bila kujua linahusu nini. Anayesikiliza mlangoni atasema mtoto anasoma. Ndiyo sababu yale maswali matano ni ya thamani kuliko dakika iliyotangulia, na ndiyo sababu EGRA ina sehemu ya maneno ya kubuni yasiyo na maana, ambayo huwashangaza walimu wengi wanapoyaona mara ya kwanza. Mtoto anayekariri umbo la maneno akiona *dafe* atasoma *dafu*. Anayesoma kweli atasoma *dafe* na kukukodolea macho.

> Mtoto wa Namanga upande wa Kenya amefaulu. Binamu yake, upande wa pili wa mpaka, hajafikia kigezo.

Kuna watoto ambao kwao hata hili ni la mbele mno. Mtoto wa Kisukuma wa Simiyu, Mmaasai wa Longido, Mhadzabe wa bonde la Eyasi, wengi wao wanakutana na Kiswahili kwa mara ya kwanza langoni mwa shule. Akishindwa maswali ya hadithi, je, hajui kusoma au hajui lugha? Kipimo kizuri kina sehemu ya kumsomea hadithi mtoto na kumwuliza maswali bila yeye kusoma, ili mambo haya mawili yatengane. Kwenye asilimia zinazotangazwa redioni, utenganisho huo hausikiki.

Kipimo kikipewa meno

Kinachobadilisha tabia ya kipimo ni kile kinachofungwa mkiani mwake. Kifunge cheo, fedha au fedheha, na watu wataanza kukihudumia chenyewe.

Tunao ushahidi wa nyumbani. Chini ya Matokeo Makubwa Sasa shule zilipangwa kwa ufaulu wa darasa la saba, kitaifa na kiwilaya, na kupewa rangi: kijani, njano, nyekundu. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walifuatilia kilichotokea. Shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zilipandisha ufaulu. Lakini pia zilipunguza idadi ya watoto wanaoketi kwenye mtihani. Mtoto dhaifu alipotea njiani, asilimia ikang'aa. Anayejua shule zetu hahitaji kuelezwa mbinu hizo.

Upande mwingine upo KiuFunza, jaribio la Twaweza la mwaka 2013 na 2014 katika shule 350 za wilaya 10. Shule nyingine zilipewa ruzuku ya fedha kwa kila mwanafunzi. Nyingine, walimu wake waliahidiwa Sh5,000 kwa kila mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu atakayefaulu kila somo. Kundi la tatu lilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuongeza alama. Motisha peke yake ilileta matokeo ya kuchanganya: yalionekana zaidi kwenye mtihani uliobeba fedha kuliko ule usio na kitu. Pale vyote vilipokwenda pamoja ndipo watoto walipojifunza zaidi, kwa vipimo vyote.

Tafsiri yangu: mwalimu anayejua mtoto wake atasomeshwa mwishoni mwa mwaka anajitahidi zaidi, mradi ana chaki, vitabu na kitu mfukoni. Ukimpa kipimo bila nyenzo, atatafuta njia ya kukikwepa.

Baraza la Mitihani, ambalo limekuwa likisimamia mitihani ya taifa tangu mwaka 1973, liliacha Januari 2023 kutangaza orodha ya shule bora na wanafunzi bora. Wamiliki wa shule binafsi waliokuwa wakibandika nafasi zao kwenye mabasi ya njano hawakufurahi. Ulikuwa uamuzi sahihi. Ila pengo lake halijajazwa: tumeondoa ushindani, hatujaleta taarifa ambayo mzazi wa kawaida anaweza kuitumia.

Mzazi aliambiwa, halafu?

Uwezo iliamini kwamba mzazi akiambiwa palepale sebuleni kuwa mwanawe hawezi kusoma, atasimama. Atakwenda shuleni, atauliza, kamati ya shule itatikisika.

Wasomi watatu wa Marekani, Evan Lieberman, Daniel Posner na Lily Tsai, walilipima wazo hilo vijijini Kenya na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Waliwalinganisha wazazi waliotembelewa na Uwezo na wale ambao hawakutembelewa. Hawakuona tofauti yoyote ya maana katika walichofanya wazazi hao.

Watetezi wa takwimu waliumia, nami siwalaumu wazazi. Mtu anayelima ekari mbili, aliyeishia darasa la nne, anaambiwa mwanawe yuko kwenye "aya" badala ya "hadithi". Afanye nini kesho asubuhi? Akamwulize nani? Karatasi ile ilimpa habari mbaya bila kumwonyesha pa kuipeleka.

Saa 25

Tumrudie mwalimu. Madarasa ya chini yenye watoto 100 na zaidi si jambo la ajabu, hasa tangu ada na michango ilipofutwa kuanzia Januari 2016. EGRA kamili humchukua mtoto mmoja kama dakika 15. Watoto 100 ni saa 25. Kipindi cha darasa la pili ni dakika 30. Vipindi 50 kwa kupima tu, huku wengine 99 wakifanya nini?

Kwa hiyo anayewaambia walimu wampime kila mtoto kwa zana ya watafiti anawadanganya. Lakini zipo njia nyepesi. Chini ya Tusome, maofisa wa kata wa Kenya walipokuja kukagua somo walikuwa na kishikwambi, na baada ya kipindi waliwasomesha watoto watatu waliochaguliwa bila mpangilio, kisha wakakaa na mwalimu kuzungumza juu ya hao watatu. Ripoti haikusubiriwa mwaka mzima, na mwalimu hakupangwa kwa rangi.

Pratham nao, waliobuni karatasi iliyozaa Uwezo, hawakuishia kwenye kuhesabu. Mtoto anapimwa kwa dakika chache, kisha kwa saa moja au mbili za siku watoto wanapangwa kwa kiwango badala ya darasa: wa silabi na wa silabi, wa aya na wa aya, hata kama mmoja yuko la tatu na mwingine la tano. Wakipanda, wanahama kundi. Hapo kipimo kinaanza Jumatatu na kutumika Jumanne.

Sisi tuna vitendea kazi kuliko tunavyokiri. Vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 viligawiwa walimu. Maofisa elimu kata wapo. Mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, yana vikao vyake shuleni. Kinachokosekana ni agizo dogo: upimaji wa KKK wa darasa la pili uache kwa mwalimu wa shule iliyopimwa orodha ya majina na mahali kila mtoto alipokwama, kabla gari la wapimaji halijaondoka.

Na haraka ipo. Sehemu kubwa ya upimaji wa usomaji katika mikoa yetu ililipwa na Marekani kupitia miradi kama Tusome Pamoja na Jifunze Uelewe. USAID ilifungwa Julai 2025. Wapimaji wa posho za dola hawarudi kesho. Tukiendelea, tutapima kwa fedha yetu, na anayelipa kwa fedha yake ana haki ya kudai kipimo kifanye kazi darasani, si kwenye semina ya hoteli.

Wewe mzazi usisubiri agizo. Leo jioni chukua kitabu cha darasa la pili, fungua ukurasa ambao mwanao hajawahi kuusoma, umsikilize kwa dakika moja, kisha umwulize maswali mawili kuhusu alichosoma. Akishindwa, Jumatatu nenda kwa mwalimu wake wa darasa, si kwa mwalimu mkuu, na umwambie neno lenyewe ambalo mtoto ameshindwa.